Kishada Kimegoma Kuruka, Shangazi Nifanyeje?

Likizo imeingia na barua zimefurika. Mwezi huu hakuna aliyeniandikia kuhusu mume, mke wala wifi; nyote mnalalamikia karatasi. Haya, Shangazi anajibu, na aliyeumia zaidi mfukoni anatangulia.

*

*Shikamoo Shangazi. Shule zimefungwa, watoto watatu wamo ndani, na hata televisheni imeshindwa kunisaidia kwa sababu wanaigombania. Nikaona video kwenye simu: mama anatengeneza maua ya karatasi, wanawe wametulia wanatabasamu. Nikaenda steshenari, nikanunua manila za rangi, vimetameta, mkasi wenye meno na ile bunduki ya gundi ya moto. Pesa ya mboga ya wiki nzima ikaishia hapo. Ua la kwanza mama yao amelitupa akidhani ni uchafu. Watoto wenyewe wamekimbilia nje na boksi lililobeba vifaa. Nimekosea wapi?*
*— Baba Nimefilisika, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Umekosea mahali pamoja tu: ulikwenda dukani kabla hujachungulia uvunguni.

Nyumba yenye mwanafunzi haikosi karatasi. Madaftari ya muhula uliopita yana kurasa za nyuma ambazo mwalimu hakuzifikia. Kuna magazeti, kuna maboksi ya sabuni na ya majani ya chai, kuna mifuko ya khaki ambayo tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 imejaa nyuma ya mlango wa jiko. Halafu watoto wako wameshakujibu, ila hukuwasikia: wamelipenda boksi. Waachie. Likatwe madirisha, liwe daladala, na konda atapatikana humo humo bila kutangaza nafasi ya kazi.

Bunduki ya gundi mpe fundi viatu. Ncha yake inaunguza, na mtoto wa miaka sita hana biashara nayo. Gundi ya watoto inapikwa jikoni, kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji. Koroga unga kwanza na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Vile vitatu vichemshe, kisha mimina mchanganyiko wako humo polepole huku mwiko unazunguka. Anayeanza na maji ya moto hupata vidonge, na vidonge havibandiki kitu. Ukiona uji umekuwa mzito na umeanza kung'aa, epua. Unga wa muhogo nao unanata vizuri, wengine wanaupenda kuliko ngano. Tia chumvi kidogo kuchelewesha ukungu, lakini usipike wa kuweka akiba: kwa joto la Dar uji wa juzi unajitangaza wenyewe mpaka kwa jirani.

Sasa chukua bakuli, lipake mafuta kwa nje, uwaite watoto na gazeti. Wachane, wasikate. Utaona jambo: gazeti huchanika kwa mstari ulionyooka upande mmoja, upande wa pili linakwenda mrama. Ni kwa sababu kiwandani nyuzi za karatasi hulala kufuata mwendo wa mashine. Usiwaambie. Wape gazeti zima watafute wenyewe upande wa mnyooko, nawe utapata muda wa kunywa chai kwa utulivu. Vipande vichovywe kwenye uji, vibandikwe juu ya bakuli, tabaka juu ya tabaka. Kila baada ya tabaka mbili tatu lipelekwe juani likauke, wala msiharakishe, maana likiwa bichi ndani litaota ukungu. Likikauka kabisa linachomoka lenyewe. Mama yao atalitumia kuwekea vitunguu, kama atataka. Asipotaka, usimlazimishe.

*

*Salaam aleikum Shangazi. Nimemtengenezea mwanangu wa miaka minane kishada. Nimetumia karatasi nyeupe nzuri ya ofisini, nimekipamba, nimekipiga selotepu kila ukingo kisichanike. Upepo upo, ufukwe upo. Kinapanda kidogo, kinazunguka, kinachoma kichwa mchangani. Wavuvi wananicheka. Mtoto anasema nimpe ajaribu, lakini nachelea atakiharibu.*
*— Fundi Mkuu, Tanga*

Waaleikum salaam. Ataharibu nini, Fundi Mkuu, na kishada umeshakizika mwenyewe?

Tuanze na uzito. Karatasi ya ofisini ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ya gazeti huwa kwenye gramu 45 hivi. Wewe umechukua nzito, ukaizidishia selotepu. Hicho si kishada, ni trei.

Chukua gazeti. Chomoa chelewa mbili kwenye ufagio, kwa ruhusa ya mwenye ufagio, moja ndefu na nyingine fupi kidogo. Zipishanishe msalaba, fupi ikae kwenye theluthi ya juu ya ndefu, uzifunge kwa uzi wa kushonea. Pitisha uzi kuzunguka ncha zote nne, uwe umekaza. Laza juu ya gazeti, kata ukiacha upana wa kidole, kunja ukingo juu ya uzi, bandika kwa uji uleule wa Baba Nimefilisika. Mpaka hapo hujatumia hata senti.

Kazi yenyewe iko kwenye uzi wa kifuani, na hapo ndipo wengi mnapofeli. Funga uzi juu na chini ya chelewa ndefu, ulegee kiasi, ukae upande wa karatasi unaopokea upepo. Uzi wa kurushia unaufunga kwenye huo, juu kidogo ya pale chelewa zinapokutana. Fundo hilo ndilo usukani. Kishada kikivuta kwa nguvu lakini hakipandi, lisogeze juu kwa upana wa kidole. Kikipepea bila kuvuta na kurudi chini kwa uvivu, lisogeze chini. Kikizunguka na kuchoma kama chako, ongeza mkia: vipande vya khanga chakavu vilivyofungwa kwenye uzi, urefu mara tano au sita ya kishada chenyewe. Kusi la miezi hii halina mchezo, kwa hiyo mkia uwe mrefu kuliko unavyodhani. Na msirushe karibu na nyaya za umeme. Kikinasa huko kimekufa. Hakuna kupanda nguzo.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Umesema umemtengenezea. Mtoto wa miaka minane anafunga fundo, anapaka uji, na kwa kukimbia amekushinda. Mpe uzi. Kazi yako wewe ni kusimama kwa mbali umekiinua kishada juu ya kichwa, na kukiachia akipiga kelele "achia!" Ukichelewa kuachia atakukaripia mbele ya wavuvi. Vumilia.

*

*Shangazi, mimi ni mjomba wa binti anayeposwa. Barua ya posa ililetwa Jumamosi, tukaiweka juu ya kabati tukisubiri wazee waje Jumapili. Mjukuu wangu wa miaka mitano akapanda kiti. Jumapili tumeikuta barua imekuwa boti, boti imo ndani ya beseni, na bahasha amevishwa mwanasesere kichwani. Fedha ya kufungulia barua iko salama, maana niliitoa mapema. Nijibu upesi, washenga wanarudi.*
*— Mjomba, Bagamoyo*

Mjomba, kwanza nimeona ulichokiwahi.

Barua iliyolowa haivutwi wala haianikwi kwenye kamba. Ilaze juu ya taulo kavu, ikunjue taratibu kwa ncha za vidole, funika kwa kitambaa kingine kikavu, weka kitabu kizito juu yake na ubadilishe vitambaa vikilowa. Kama iliandikwa kwa peni ya kawaida, una bahati: wino wake ni wa mafuta, haukimbii majini. Kama ilichapwa kwa printa ya wino wa maji, waambieni washenga kwamba maneno yamewaingia. Mikunjo haitatoka hata ukipiga pasi, kwa kuwa karatasi ikishakunjwa nyuzi zake huvunjika hapo kwenye mstari. Semeni mliisoma sana.

Ama mjukuu, msimpige. Mtoto wa miaka mitano aliyekunja boti ikaelea ana mikono. Mwonyesheni jambo moja zaidi: karatasi ikisuguliwa kwa mshumaa pande zote mbili kabla ya kukunjwa, maji huchelewa kupenya na boti linadumu. Mtengeeni boksi lake, liandikwe jina lake, na karatasi iliyomo humo ndiyo yake, akitaka aipake, aikate au aizamishe. Iliyo nje ya boksi haigusi. Watoto huelewa sheria hiyo upesi. Ninyi wazee nanyi nunueni kabati lenye kufuli.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi nina miaka kumi. Kaka yangu anasema karatasi haikunjiki nusu kwa nusu zaidi ya mara saba. Tumewekeana soda. Nimejaribu gazeti, manila na noti ya baba. Nimekwama.*
*— Nadai Soda, Morogoro*

Marahaba mjukuu wangu. Kila ukikunja, tabaka zinakuwa maradufu: mbili, nne, nane, na ukifika mara ya saba una tabaka 128 mkononi. Karatasi ya daftari, ambayo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, hapo imeshafika unene wa zaidi ya sentimita moja, nayo imebaki kipande kidogo kisicho na pa kushikia. Ndiyo maana umekwama. Lakini kaka yako kashindwa. Mwaka 2002 mwanafunzi wa sekondari huko California, Britney Gallivan, alikunja karatasi moja mara 12. Alitumia karatasi ya chooni, kipande kimoja kirefu cha kilomita 1.2 hivi, na hesabu ya urefu unaohitajika akaiandika mwenyewe. Kachukue soda yako. Ya chooni nyumbani usiiguse, na noti ya baba irudishe kabla hajaitafuta.

*

*Assalamu alaikum Shangazi. Sisi tuko Maskati. Shule zimefungwa kiangazi chote, nje joto limepita nyuzi 40, watoto hawatoki mpaka Magharibi. Tukikata karatasi ndani, kiyoyozi kinazipeperusha zote. Bibi yao Unguja anacheka tu kwenye simu.*
*— Mama wa Ndani*

Waalaikum salaam. Acha kupigana na kiyoyozi, kiajiri. Chora duara kubwa, ndani yake chora mstari unaojizungusha mpaka katikati, watoto waukate kwa mkasi, kisha utundikwe kwa uzi chini ya upepo wake. Utazunguka kutwa. Kila mtoto apake rangi wake, wabishane wa nani unakwenda kasi.

Wakichoka, watengeneze feni. Karatasi ya mraba, kata kutoka kila pembe kuelekea katikati bila kufika, kunja pembe moja na kuruka moja mpaka nne zikutane katikati, choma pini, ishikize kwenye kijiti. Tia ushanga kati ya karatasi na kijiti, la sivyo itagoma kuzunguka. Bibi yao asikucheke sana. Yeye utotoni alitengeneza ya ukuti wa mnazi, mwambie awafundishe kwenye hiyo simu. Magharibi ikiingia wakimbie nazo nje.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dada wa kazi, Kinondoni. Bosi wangu anasoma safu yako na sasa kila jioni anafanya sanaa na watoto. Wanakata, wanabandika, wanapiga picha, wanakwenda kulala. Mimi nabaki na vipande vya karatasi chini ya makochi, uji kwenye zulia, na ufagio uliobaki chelewa chache. Niseme nini?*
*— Dada, Kinondoni*

Marahaba mwanangu. Wewe usiseme kitu, nitasema mimi, kwa kuwa bosi wako ndiye msomaji.

Bosi, anayekata ndiye anayefagia, awe na miaka mitatu au arobaini. Mtandike gazeti chini kabla ya kuanza, na mkimaliza mlikunje pamoja na takataka zake. Uji wa ngano ukiwa mbichi unatoka kwa kitambaa cha maji. Ukikauka kwenye zulia unasuguliwa kwa brashi nusu saa, na ukiachwa usiku mende wanausherehekea, maana wanga ni chakula chao. Watoto ndio wafute meza kabla ya kupiga hiyo picha. Na kesho ukipita sokoni nunua fagio mbili za chelewa: moja ya vishada, nyingine ya dada, isiguswe.