Jinsi ya Kumfichia Mtu Paneli Asiione Tena

Mwongozo huu ni wa kijana wa Maskati aliyekabidhiwa kazi inayoonekana ndogo. Programu ya ofisi ina paneli ya kushoto yenye orodha ya mafaili, paneli ya kulia yenye maelezo ya faili, na upau wa zana juu. Skrini ni finyu, meneja anataka nafasi, basi kila kimoja kipewe vitufe vya kukificha na kukirudisha. Ukiifanya vibaya ni kazi ya asubuhi moja. Ukiifanya vizuri itakula mwezi, wala hutapata asante, kwani vitufe vizuri havisifiwi na mtu: watu huvibonyeza wakaendelea na shughuli zao. Kwa hiyo tuifanye vibaya, lakini kwa ufundi.

Anza na herufi. Chukua neno la Kiingereza, kata herufi yake ya kwanza, ibandike kwenye Ctrl, kisha tangaza kwamba mkato wako unaeleweka wenyewe bila kufundishwa. Usiulize unaeleweka kwa nani. Katika VS Code, programu ya Microsoft ya kuandikia programu nyingine, Ctrl+B huficha paneli ya kando. Katika Word, ya Microsoft hao hao, Ctrl+B hukoleza maandishi. Wakubwa wamekutangulia; wewe fuata nyayo.

Sasa itazame kibodi yenyewe, ile inayouzwa Ruwi na Al Khuwair. Kila kitufe kina wapangaji wawili, herufi ya Kilatini na herufi ya Kiarabu. Kwenye B amepanga lamalifu, kwa hiyo anayetafuta kwa macho kitufe cha kumfungulia paneli anakuta kitufe kinachomjibu "la". Ni mwanzo mzuri.

Ukiona Kiingereza kinawaonea watu, hamia Kiswahili. Ofisi za Maskati hazikosi mtu ambaye nyumbani kwao kunasemwa Kiswahili, aliyezaliwa Unguja au aliyezaliwa hapa na wazee wa Unguja. Mpe F ya "ficha" na O ya "onyesha". Akibonyeza Ctrl+F atafunguliwa kisanduku cha kutafuta maneno, akibonyeza Ctrl+O ataulizwa anataka kufungua faili gani. Basi nenda kwenye Kiarabu, ndiyo lugha ya barua za serikali. Kuficha ni ikhfaa, na mzizi wake unaanza na khe. Khe imepanga wapi? Kwenye O. Kitufe kile kile ambacho kwa Mswahili kingekuwa cha kuonyesha, kwa Mwarabu kinaficha, na kwa mhasibu wa kutoka Kerala aliyekaa dirishani kinafungua faili. Watu watatu wa ofisi moja wanakipigania kitufe kimoja, na kila mmoja ana haki. Hapa simama uwapige picha kwa ajili ya ripoti ya mwaka.

Kuna ushahidi mmoja unaoudhi, nakushauri uufiche pamoja na paneli. Ctrl+C na Ctrl+V zinafanya kazi Maskati nzima. Kwenye kibodi ya Kiarabu C ni wau yenye hamza na V ni re. Hakuna hata moja yenye uhusiano na kunakili wala kubandika, na bado sijamwona karani akizikosea. Siri ni kwamba Z, X, C na V zimepangana safu moja, chini kushoto, karibu na kitufe cha kuamuru, tangu Apple ilipotoa kompyuta ya Lisa mwaka 1983. C inatokana na neno la Kiingereza, ni kweli, lakini V haitokani na neno lolote la kubandika. Imepata kazi kwa sababu ni jirani. Vidole vinakumbuka mahali, havikumbuki herufi. Mtu akiligundua hili ataanza kukuuliza kwa nini paneli ya kushoto isifichwe kwa kitufe cha kushoto cha safu, upau wa zana kwa cha katikati na paneli ya kulia kwa cha kulia. AutoCAD wana tabia hiyo ya nambari: Ctrl+1 hufungua na kufunga paneli ya sifa za michoro, Ctrl+9 mstari wa amri, na Ctrl+0 husafisha uwanja wote. Nambari husomwa na Mwarabu, mhasibu wa Kerala na Mswahili bila mkalimani. Zikwepe kabisa.

Kama programu yako ni ya kivinjari, bahati imekuangukia, kwa sababu unaweza kuiharibu kazi kwa neno moja la msimbo. Kivinjari kinakupa njia mbili za kukisikiliza kitufe: `key`, yaani herufi iliyotoka, na `code`, yaani mahali kitufe kilipo. Chagua `key`, andika kwamba unangoja "b", jaribu kwa Kiingereza, nenda kanywe kahawa. Karani akiwa katikati ya barua ya Kiarabu atabonyeza Ctrl+B, kivinjari kitaripoti lamalifu, programu yako itangoja "b" yake, na paneli itakaa palepale. Akirudi kwenye Kiingereza itatii. Atakuambia kwamba mkato wako unafanya kazi siku nyingine na siku nyingine haufanyi, nawe utamjibu kwamba kwenye mashine yako unafanya. (Usije ukadhani `code` peke yake ni dawa. Mfaransa ana A mahali ambapo wewe una Q, na mkato wa herufi aliousoma kwenye menyu utamtoroka. Anayetaka kufanya vizuri hana budi kuangalia vyote viwili na kumwachia mtumiaji nafasi ya kubadilisha. Ndiyo maana nilisema mwezi.)

Kisha kuna pande. Liite jambo lako "paneli ya kushoto" na ulipe mshale wa kushoto. Programu ikigeuzwa Kiarabu, kiolesura chote hugeuka: orodha ya mafaili inahamia kulia, maelezo yanahamia kushoto. Mshale hauhami, umechapwa kwenye plastiki. Sasa mshale wa kushoto unafunga kitu kilichoko kulia, au, kama mwenzako amejaribu kurekebisha bila kukuambia, unafunga kingine kabisa. Mwenye akili timamu angeiita paneli kwa kazi yake, "mafaili" au "maelezo", popote itakapohamia. Wewe shikilia kushoto.

Ongezea Shift. Windows yenye lugha mbili hubadilisha lugha ya kuandikia kwa Alt ya kushoto na Shift, na katika Word Ctrl na Shift za upande wa kulia hugeuza aya nzima ianzie kulia. Maskati watu hubonyeza michanganyiko hiyo kama wanavyopepesa macho: Kiingereza cha ripoti, Kiarabu cha wizara, Kilatini tena kwa ujumbe wa Kiswahili kwenda kwa binamu aliyeko Michenzani. Kwa hiyo mkato wako uwe Alt+Shift na herufi. Mtumiaji akisita kidogo kuikumbuka ile herufi, akaachia, paneli haijaonekana na lugha imebadilika. Ataanza kuandika bila kutazama na atakuta mstari mzima wa Kiarabu kisichosomeka na Mwarabu yeyote. Kwa mkato mmoja umeharibu vitu viwili.

Watakaokushauri utumie vitufe vya F wasikilize kwa adabu, kisha ukubali. Photoshop hutumia F7 kwa paneli ya tabaka, lakini kompyuta nyingi za mapajani zimevipa vitufe hivyo kazi ya mwanga na sauti mpaka ushike Fn. Mkurugenzi atataka kuona paneli, spika itapaa katikati ya kikao.

Kwa anayetaka kuzima kila kitu kwa pigo moja, mwalimu ni Photoshop tena. Tab peke yake huficha paneli zote pamoja na zana. Shift+Tab huacha zana na kuficha zilizobaki. Kwa anayejua ni raha, picha inabaki na skrini nzima. Kwa asiyejua ni msiba. Mabango ya maduka ya Maskati ni ya lugha mbili, Kiarabu na Kiingereza, na karakana zinazoyachora zimejaa vijana wanaokaa siku nzima wakisawazisha maandishi ya pande mbili. Mgeni wa kazi akigusa Tab kwa kiwiko, anabaki na neno "maghsala", yaani dobi, na nguo iliyochorwa, bila kitu cha kuvishikia. Hakuna alama pembeni, hakuna ukingo wa kuvuta. Hilo ndilo uige. Mtu akificha paneli, futa kila dalili kwamba iliwahi kuwepo. Ule ukanda mwembamba wenye kishale ambao wabunifu waoga huuacha pembeni ni kama viatu mlangoni mwa majlisi: vinamwambia apitaye kwamba ndani mna watu.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau hata wanapotaka kuharibu: maandishi yanakwenda wapi paneli ikishafichwa? Karani alikuwa akiandika kwenye kisanduku kilichomo ndani ya paneli. Amebonyeza, paneli imeondoka, kisanduku hakionekani, lakini kielekezi chako kimebaki humo. Anaendelea kuandika, na herufi zote zinaingia gizani. Ukitaka kuwa mwema ungekirudisha kielekezi kwenye karatasi, na paneli ikirudi nacho kirudi kilipokuwa. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh kule Apple mwaka 1979, alilichambua katika kitabu chake cha mwaka 2000, *The Humane Interface*, tatizo la kitufe ambacho kazi yake inategemea hali usiyoiona. Larry Tesler, mwenzake wa Apple, alichukia hali za namna hiyo kiasi cha kuweka kauli ya kuzikataa kwenye nambari ya gari lake. Hawa ndio maadui zako. Soma maandishi yao kama mwizi anavyosoma ramani ya polisi.

Mkato wa herufi moja bila Ctrl pia una ladha yake. Blender huficha zana kwa T na paneli ya kando kwa N, na wachoraji wake wanaupenda kwa sababu mkono mmoja uko kwenye mausi na mwingine hauna haja ya kujikunja. Wewe uweke kwenye programu ya barua, ambako kila mtu anaandika herufi. Mwongozo wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.1, wa mwaka 2018 unataka mikato ya herufi moja iweze kuzimwa au kubadilishwa, au ifanye kazi pale tu kitu husika kinapokuwa kimechaguliwa, kwa sababu anayeiongoza kompyuta kwa sauti akitamka neno moja huweza kuamsha mikato mitano. Mwongozo huo ni mrefu, sema hukuufikia.

Halafu weka jirani hatari. David Bradley wa IBM, alipotengeneza amri ya kuwasha upya kompyuta ya mwaka 1981, alianza na Ctrl, Alt na Esc, akaona mkono mmoja unaweza kuzigusa zote kwa bahati mbaya, akahamishia kwenye Del, upande wa pili, ili mtu atumie mikono miwili na kudhamiria. Utaratibu wa kijinga. Wewe kuficha paneli kukae kando ya kufunga programu bila kuhifadhi.

Usimjaribishe mtu yeyote, hasa Bi Mkubwa wa masijala, aliyejifunza kupiga chapa Unguja kwa mashine ya Kiingereza kabla familia yake haijahamia Omani. Haangalii vitufe, kwa hiyo herufi ulizozichagua kwa ustadi hazimhusu, na dakika tano zingetosha kukuonyesha vidole vyake vinatafuta nini. Jaribu mwenyewe, kwa mkato ulioutunga mwenyewe.

Toleo litoke Alhamisi mchana. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki Omani ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo una siku mbili kamili za mishkaki na bahari. Jumapili asubuhi simu italia.

"Sabalkheri mwanangu. Ile orodha yangu ya mafaili imekwenda wapi?"

"Sabalkheri Bi Mkubwa. Ipo, imejificha tu. Shika Ctrl na Shift, bonyeza kile cha juu kabisa kushoto, chini ya Esc."

"Chenye dhali?"

"Hicho hicho."

"Kimeniandikia shadda. Na barua yote imehamia kulia."

"Zima, Bi Mkubwa, uwashe tena."