Njiti ya Baiskeli na Uzi wa Pamba

Tetekuwanga ilipofika kijijini kwetu Bogoro ilianzia kwa watoto wa shule, ikashuka hadi kwa wanaobebwa mgongoni. Binti yetu, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, ndiye aliyeipata wa mwisho nyumbani. Hofu ilikuwa kubwa kuliko vipele vyenyewe. Mwezi wa nane wa 2024 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza mpox, ugonjwa mwingine wa vipele, kuwa dharura ya kimataifa, na tangu hapo kipele kimoja shavuni mwa mtoto kilitosha kumkosesha mama usingizi. Muuguzi alimgeuza polepole, akatuonyesha: vingine vimekauka, vingine vina maji, vingine ndiyo kwanza vinachomoza, vyote kwa pamoja, na viganja na nyayo ni safi. Hiyo ndiyo tabia ya tetekuwanga. Akatuagiza tumkate kucha, tumwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, tusimpe aspirini, na usiku tumfunike mikono asije akajikuna mpaka atoke vidonda.

Mengine yalitimizwa siku ileile. La mikono ndilo lililotusumbua. Soksi za kaka yake alizivuta kwa meno kabla taa ya sola haijazimwa. Tulimfunga kitambaa, akalia mpaka jirani akaja kugonga mlango. Kulipokucha tuliona damu kwenye shuka, na kipele cha kwenye paji la uso kilikuwa kimechimbwa kikawa shimo.

Ndipo mama mkwe, ambaye watoto humwita tate, akasema neno ambalo sijawahi kumsikia akilisema tangu niolewe: "Zamani mimi nilikuwa nashona kroshe."

Alifundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na masista. Akiwa mwanamwali alishona vitambaa vya meza, kofia za watoto wachanga, hata shali. Sindano yake ya kroshe ilibaki ndani ya nyumba asubuhi ya tarehe 24 Februari 2003, kijiji kiliposhambuliwa, naye akatoka mbio na mtoto mgongoni. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga kwa yaliyotendeka siku hiyo, na mwaka 2017 majaji wa mahakama hiyo huko La Haye wakakadiria hasara ya watu 297: nyumba, vyombo vya ndani, mifugo, mavuno ya mashambani, na uchungu wa kufiwa. Ni kazi waliyoifanya kwa makini, nami naiheshimu. Lakini sindano ya kroshe ya mama mkwe wangu hakuna aliyeiuliza, wala yeye hakuitaja, na kwa miaka zaidi ya ishirini mikono ile haikushika uzi.

"Mama, nifundishe, tumshonee mtoto vifuko vya mikono," nikamwambia.

"Nitakufundishaje bila sindano, binti yangu?"

Baba watoto alikwenda kwa fundi wa baiskeli akarudi na njiti ya gurudumu iliyokatika. Aliisugua kwa tupa, akachonga mdomo mdogo wa ndoano, kisha akailainisha kwenye jiwe lenye maji mpaka haikuchubua tena ulimi alipoilamba kujaribu. Njiti ya namna hiyo ina unene wa kama milimita mbili, na tate alipoishika alitikisa kichwa kwa kuridhika: kwa uzi mwembamba, huo ndio unene unaofaa.

Uzi wenyewe ndio uliotutesa. Mara ya kwanza uliletwa wa kutoka mjini Bunia, mwekundu, wa nailoni, mzuri kwa macho. Mikono ya mtoto ilitoka jasho ndani ya vifuko vyake, na jasho likachochea muwasho. Isitoshe, vifuko vya mgonjwa wa tetekuwanga hupasa kuchemshwa kila siku, kwa sababu maji ya vipele hubaki humo, na nailoni ikiingia maji ya moto hulegea isirudi. Tate akataka pamba. Pamba ya dukani hatukuiweza, basi baba watoto akapanda tena pikipiki, kilomita ishirini na tano kwenda Bunia na nyingine kurudi, nyuma ya malori ya samaki yanayopanda kutoka ziwani, Kasenyi na Tchomia, akaleta sweta ya mtumba ya pamba nyeupe. Tulikaa kuifumua jioni nzima. Kila tukivuta, uzi unakatika kwa urefu wa mkono. Tate aliigeuza ndani nje, akaweka kidole kwenye mshono: sweta hii ilikatwa kwa mkasi kiwandani kama kitambaa, kisha ikashonwa na mashine, kwa hiyo kila mstari una ncha mbili zilizokatwa. Inayofaa ni ile ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, na mshono wake unafumuka kama mnyororo. Safari iliyofuata alikwenda yeye mwenyewe sokoni, akageuza sweta moja baada ya nyingine mbele ya muuzaji aliyekwisha kukasirika, mpaka akaipata. Tuliifumua, tukauzungushia uzi mgongo wa kiti, tukauosha, tukauning'iniza na jiwe chini ili mikunjo inyooke.

Kisha masomo. Unaanza na kiduara cha vishono sita, mzunguko wa pili unakuwa kumi na viwili, wa tatu kumi na nane, mpaka upana utoshe ncha za vidole. Toka hapo unashuka bila kuongeza hadi kifundo cha mkono. Mtoto mdogo kiasi hicho hahitaji nafasi ya kidole gumba, na hilo lilikuwa baraka. Kifuko cha kwanza cha pamba tulikishona kwa vishono virefu kwa sababu vinakwenda haraka, na usiku uleule kidole cha shahada kikapenya tunduni, kikafanya kazi yake shavuni. Vishono vifupi vinakwenda polepole lakini vinaziba kabisa. Mkono wa anayejifunza hukaza uzi akiwa na wasiwasi na huulegeza akitulia, kwa hiyo kilichoshonwa mtoto akilia na kilichoshonwa akiwa amelala havikulingana hata kidogo. Tate hakunifumua hata kimoja. Alinifungia kipande cha uzi mwekundu mwanzoni mwa kila mzunguko nisipotee, basi, akaendelea na kifuko chake.

Jambo moja alilisimamia kwa ukali ambao sijauona kwake katika mambo mengine. Ndani ya kifuko pasiwe na uzi unaoning'inia. Uzi mmoja ukizunguka kidole cha mtoto usiku, hukaza kadiri anavyohangaika, damu ikazuiwa, na mtoto asiyejua kusema atalia tu kama anavyolia kwa vipele, nawe utambembeleza ukidhani ni muwasho. Kila ncha aliizamisha kati ya vishono kwa kwenda na kurudi, akageuza kifuko ndani nje, akakipitisha midomoni kutafuta kilichobaki, maana midomo huhisi kuliko macho gizani. Kamba ya kufungia nayo aliikataa, isije ikafika shingoni. Alishona ukingo wa kujivuta wenyewe, ulioshika kifundo bila kukibana.

Binti yetu alilala navyo. Alivisugua usoni, akavitafuna, akakasirika, akalala. Vipele vikakauka vyenyewe, na lile shimo la paji la uso peke yake ndilo litakalobaki.

Sasa mtoto wa jirani ameanza homa. Mama yake alikuja kuazima vile vyetu, na tate akamjibu kwamba vitachemshwa leo na atavipata kesho, ila aje na sweta ya pamba aliyoigeuza mwenyewe na kuuangalia mshono, na aje na kiti. Baba watoto ameshaagizwa njiti nyingine mbili kwa fundi wa baiskeli.