Dawa Saba za Simu Isiyosomeka Juani, Kuanzia Dhaifu Hadi Kiboko Yao

Kizingo, mtaa wa Mombasa, saa sita na nusu mchana, jua halina huruma. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa karibu wima utosini. Dereva wa tuktuk ana abiria nyuma na ramani mbele, lakini simu ni nyeusi tititi. "Kaka, tunaenda wapi?" Dawa zipo. Tuanze na iliyo dhaifu.

7. Kupandisha mwangaza hadi mwisho
Kila mtu hukimbilia hii. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na simu nyingi za bei nafuu hutoa kama niti 500. Karatasi nyeupe iliyoanikwa kwenye jua kali hufika niti 30,000. Ndugu yangu, hapo unashindana na jua nyumbani kwao! Pandisha, ila usitegemee.

6. Kufuta kioo
Alama za vidole na chumvi ya bahari hutawanya mwanga juu ya skrini nzima. Umekula viazi karai pale ufukweni Mama Ngina, ukwaju ungali kidoleni, halafu unailaumu setilaiti. Kitambaa laini kikae mfukoni.

5. Kuzima ramani ya usiku
Usiku ni nzuri, mchana ni kioo cha kinyozi: utaziona ndevu zako, Likoni hutaiona. Weka ramani nyeupe yenye mistari mizito.

4. Kuchunguza miwani
Miwani inayokata mng'ao wa bahari, ile ya polaroidi, hupitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Mwanga wa skrini nyingi nao hutoka ukitikisika upande mmoja. Pande hizo zikipishana, skrini huzimika machoni mwako hali simu iko hai na chaji tele. Vaa miwani, zungusha simu robo mzunguko, utazame. Ikizimika ukiiweka jinsi unavyoiweka kazini, usiipeleke kwa fundi. Badilisha miwani.

3. Skrini inayolipenda jua
Huko Mweiga, karibu na Nyeri, huruka ndege zisizo na injini, zinazopaa kwa hewa ya joto inayopanda. Rubani hukaa chini ya kuba la plastiki angavu, jua kila upande. Hata paa la tuktuk analionea wivu. Marubani wa ndege hizi wamehangaika sana na tatizo hili, na baadhi yao duniani wamepata jibu ninalolipenda sana: huweka programu ya ramani iitwayo XCSoar ndani ya Kobo, kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kusomea vitabu. Skrini yake ya wino wa kielektroniki husomwa kwa mwanga wa jua lenyewe, kama gazeti. Jua likizidi, maandishi yanazidi kukolea. Baadhi ya GPS za mkononi, kama eTrex ya Garmin, nazo hulitumia jua badala ya kupigana nalo. Ingekuwa dawa ya kwanza, lakini kifaa cha pili ni gharama ya pili, na dereva ana marejesho ya kulipa.

2. Kugeuza pembe
Hapa ndipo wengi tunapopotezea vita. Kioo kitupu cha simu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia. Ni kidogo? Haya, tupige hesabu. Ijumaa alasiri umesimama barabarani, jua linakutazama, kanzu imenyooshwa pasi hadi inametameta. Kanzu hiyo yaweza kufika niti 20,000. Asilimia 4 yake ni niti 800, na simu yako ina 500. Umependeza, mashallah, lakini kanzu imeishinda ramani!

Kwa hiyo tazama kwanza ni kitu gani kinachoonekana ndani ya kioo. Ni anga? Ni shati? Inamisha simu mpaka kioo kionyeshe kitu cheusi, kama paa la tuktuk upande wa ndani. Dereva akivaa shati la rangi iliyokoza, nusu ya kazi imekwisha. Na kumbuka kwamba kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, yaani juu ya bahari ya Kizingo. Mng'ao utakujia kutoka juu na kutoka majini.

1. Kivuli
Kiboko yao! Rada za zamani za meli zilivikwa kofia ya mpira juu ya skrini, na ofisa aliinamisha uso humo ndipo aone mchana. Wenye meli walikubali kwamba jua halishindwi, hukingwa.

Wewe chukua kadibodi, ipake rangi nyeusi isiyong'aa, ikunje izunguke simu juu na ubavuni, itokeze urefu wa kidole. Nyuma acha wazi upepo upite, kwa sababu simu ikipata joto kali hupunguza mwangaza yenyewe. Apple huelekeza iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na tuktuk iliyoegeshwa juani huvuka hapo bila taabu. Kofia isizibe njia mbele yako. Kisha washa sauti ya maelekezo, maana sikio halina mng'ao, na macho yabaki kwa watu wanaovuka kuelekea feri ya Likoni.

Nanyi mnaouza vishikio vya simu hapa mjini, tafadhali: viuzeni vikiwa na kofia.