Jinsi ya Kuomba Tochi Ugenini

Umeme umekatika, nawe ni mgeni kwenye nyumba ya Mmarekani. Usiombe "torch". Kwa Mwingereza hiyo ni tochi ya betri, ile ile uliyoizoea. Kwa Mmarekani ni mwenge wa moto, au kile kifaa cha fundi kinachotema ndimi za moto, na mwenyeji wako atataka kujua unakusudia kuchoma nini usiku huo. Sema "flashlight", utapewa.

Kabla hujafungua mdomo ugenini, jua neno lako lilikuja na meli ya nani. Kiingereza chetu kililetwa na Waingereza, na Kiswahili kikachukua humo tochi, kabati, nepi. Nenda nayo London, mtaelewana. Vuka Atlantiki uone. Nilisimama na shemeji yangu kwenye kaunta ya duka moja huko Marekani, mtoto amechafuka, naye anaomba "nappy". Akarudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na muuzaji anamtazama tu. Mwisho akamgeuza mtoto na kuonyesha makalio. "Diapers" zikaletwa papo hapo! Hiyo ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote: neno likigoma, onyesha kazi ya kitu.

Na mtu asikwambie umekosea. Hukukosea hata kidogo. Neno ulilofundishwa ni zima, lina wenyewe mamilioni, ila hao hawaishi mtaa ule. Inaniuma kuona watu wetu wakinyamaza ugenini kwa sababu ya nepi.

Chipsi nazo zina mtego. Marekani ukiagiza "chips" utaletewa za pakiti, baridi, tunazoziita krispi. Za moto ni "fries". Ukiambiwa chumba chako kiko "first floor", London panda ngazi. New York usipande, umeshafika.

Australia na New Zealand ukiona dukani kibao cha "Manchester", usiulize tiketi za mpira. Hapo wanauza mashuka, foronya na mataulo. Jina hilo limetokana na mji wa Uingereza uliosifika kwa viwanda na biashara ya pamba, na hadi leo mtu wa Sydney anakunja "manchester" yake na kuiweka kabatini bila kuufikiria mji wenyewe. Hili nalipenda kupita yote, kwa kuwa nasi tulifanya vivyo hivyo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Sultani Seyyid Said, aliyetawala Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na majora yakaingia kwa wingi, yakasafiri na misafara mpaka bara. Watu wa Pwani wakakiita merekani. Hawakuhitaji kamusi wala ruhusa ya mtu: kitu kimetoka kwa fulani, basi kiitwe kwa jina la kwao. Ukilielewa hilo, hakuna neno la nyumbani litakalokutisha popote.

Afrika Kusini wakikwambia "geyser" imeharibika, ni lile tangi la kuchemshia maji. Jiandae kuoga maji baridi.

India ndiko kwenye nafuu, hasa kwa aliyelelewa Pwani. Kabati la nguo huko huitwa "almirah", hata katika Kiingereza chao. Bibi zetu nao waliweka kanga zao kwenye almari. Wareno walifika kwao na kwetu, wakaliacha neno lao pande zote mbili za bahari, kama walivyotuachia sisi meza. Kwa hiyo ukifika Mumbai na sanduku lako mkononi, usitafute neno la Kiingereza. Sema almari, utaonyeshwa pa kuweka nguo.