Moshi Kwanza, Hadithi Baadaye
Vijana wetu wa chuo wameketi kupanga dakika mbili za mwanzo za filamu yao ya kutisha. Moshi umeshapatikana, na ule mlango wa stoo unaolia kila ukiguswa. Msichana wa gauni jeupe naye yupo, ila mama yake anamtaka nyumbani kabla ya magharibi, kwa hiyo mzimu utatokea mchana kweupe. Anayekufa ni nani? Hilo, eti, litajulikana kwenye kuhariri.

John Carpenter, mwaka 1978, alifungua filamu yake ya kutisha, Halloween, kwa macho ya muuaji mwenyewe, kumbe mtoto wa miaka 6! Maskini, labda alikosa mashine ya moshi. Hawa wetu wanayo, tena ya kukodi, na jina la mwongozaji litasomeka mara tatu kabla damu haijamwagika.