Pizza ya Diploma

Mwaka 2023 matokeo ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, yalipotufikia kwa ujumbe wa simu, binti yetu hakuwahi hata kumaliza kusoma asilimia zake. Wadogo zake walishammwagia poda, akawa mweupe pe kuanzia nywele hadi kope. Hapa Goma poda ndiyo diploma ya kwanza. Ile ya karatasi inatoka Kinshasa, na wapo walioisubiri mpaka wakazaa. Mimi nilishapanga kuchinja mbuzi. Binti akasema mbuzi hamtaki, anataka pizza, ile ya mgahawa wa kule chini ambako wenzake huenda kupiga picha.

“Mtoto amepata diploma, munamupa mukate?” aliuliza mama mkwe.

Mama mkwe ni mtu wa Masisi. Alishuka kwetu na godoro lake vita vilipozidi kule juu, na tangu siku hiyo hakuna kinachopikwa nyumbani bila yeye kukitolea hukumu.

Nikapiga simu, nikaagiza kubwa ya kuku. Kazi ikawa kueleza nyumba. Namba hatuna, kwa hiyo nikaelekeza kama kila mtu anavyoelekeza: toka Rond-point Tshukudu, panda, ukipita kanisa ingia kushoto, utaona ukuta wa mawe meusi na mlango wa bluu. Mke wangu akaninyang'anya simu. Kuta zote za mtaa huu ni za mawe meusi, alisema, huyo kijana atajuaje? Akamwambia neno lililotumaliza: “Angalia tu nyumba yenye watu wa poda.”

Siku ile ya matokeo! Mtaa mzima ulikuwa na poda.

Tukangoja. Kila tulipopiga, sauti ya mgahawa ilijibu, “Iko njiani, papa,” na haikuwa uongo, maana pizza ilishatoka muda mrefu. Ilikuwa imeingia kwa watu wengine. Mwana wao naye alikuwa amepasi, naye alikuwa mweupe mpaka masikioni, wakaamini ni mjomba wao wa Bukavu aliyewatumia zawadi. Wakashukuru Mungu, wakafungua boksi. Motard, yule kijana wa pikipiki, alipoomba malipo ndipo sala ilipokatika. Akawanyang'anya kilichobaki, akakifunga, akaendelea kututafuta kwa mbio za mtu mwenye hatia.

Na mbio katika mtaa wetu si mchezo. Tumejenga juu ya lava ya Januari 2002, ile iliyoshuka kutoka Nyiragongo, ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Barabara ni mawe yaliyoganda yakiwa bado na mawimbi. Kijana alikuwa amelibana boksi wima kati ya tumbo na tanki. Tulipofungua, kuku wote walikuwa wamehamia upande mmoja na jibini imenata kwenye kifuniko. Vipande viwili havikuwepo.

Nikatoa dola 20. Motard akaishika kwa vidole viwili, akaielekeza juani, akaikunja, akainyoosha. Pembeni ilikuwa na mpasuko mdogo ambao ukucha wa mtoto ungeufunika.

“Papa, hii haipite.”

Mkazi yeyote wa mji huu anajua kwamba dola iliyopasuka ni karatasi. Lakini nilimtazama, nikaitazama pizza. Yeye alitaka nipokee chakula kilichokosa vipande viwili. Noti iliyokosa uzi mmoja hakuitaka. Ilibidi mtoto atumwe kwa kambisti, mbadilisha fedha wa barabarani, ambaye aliipokea kwa kukata dola mbili, huku akitikisa kichwa kama daktari.

Tukagawana mabaki. Watoto walikula wakasifu. Mama mkwe alibandua kipande cha jibini kwenye kifuniko, akakivuta, akanusa, akakirudisha. “Hii haijamujua ngombe,” alisema. Akafunga boksi, na kesho yake asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani. Tulikuwa tunakwenda mgahawani.

Mimi nilikwenda kudai vipande vyangu viwili. Mhudumu alinisikiliza kwa adabu kubwa, akaniambia kosa ni la nyumba yenye poda. Kwenye meza ya jirani vijana wa ONG fulani walikuwa wanalalamika kwamba wameagiza pizza ya uyoga na imekuja ya nyama, nao wakaambiwa uyoga uko njiani. Nilipogeuka, mama mkwe hakuwepo. Alikuwa jikoni, amesimama mbele ya tanuru la matofali, amemwekea mpishi kile kipande puani.

Mpishi hakukana. Zamani alinunua yale magurudumu ya jibini ya Masisi, ufundi ulioachwa milimani na Wabelgiji, lakini wakati ule barabara ya Sake, ya kwenda Masisi, ilikuwa leo inapitika na kesho haipitiki, na bei ilipanda kila risasi zilipolia. Kwa hiyo alikuwa anavuka mpaka wa Petite Barrière na kununua Gisenyi, upande wa Rwanda, ile ya kwenye plastiki.

“Mutoto yangu,” mama mkwe alisema, “mimi niko na watu.”

Alikuwa nao kweli. Kuna wanawake wa kwao sokoni Virunga ambao jibini inawafikia hata siku ambazo habari hazifiki. Jumamosi iliyofuata akampelekea gurudumu zima, akambonyezea kwa dole gumba kumwonyesha ilivyokomaa. Mpishi akatoa pizza ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mama mkwe, anayeuita mkate huo mambo ya wazungu, aliimaliza pamoja na bugali aliyoifunga kwenye mfuko kutoka nyumbani. Sambaza wenyewe waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini sikuona faida ya kumwambia.

Wakati wa kulipwa gurudumu lake ukafika. Mpishi akachomoa noti ya dola 20. Mama mkwe akaiinua juani, akaikunja, akainyoosha, akamrudishia.

“Imepasuka.”

Mpishi akavuta droo, akaanza kuhesabu faranga za mia tano mia tano, na mama mkwe akawa anazihesabu upya nyuma yake, kwa sauti, wateja wakisubiri.