Mkono Mmoja wa Staa

"Mwanangu, mkono huu unaumwa?" Shangazi aliniuliza hivyo jana msibani Temeke, kwa sauti iliyotosha mikeka yote. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakageuka kuutazama mkono wangu wa kulia, uliokuwa ukimeremeta kama samaki wa Feri. Wa kushoto ulikuwa mkono wa kawaida, wa mtu aliyefiwa.

Msiba ulinikuta katikati ya majaribio: kulia losheni ya yule staa ambayo kila mtu mtandaoni anaiapia, kushoto mafuta ya mgando. Nilisugua kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikawaka. Vimetameta vikahamia usoni.

Na vimetameta vyenyewe ni maajabu! Ni ulanga, lile jiwe linalobanduka tabaka kwa tabaka, ambalo Wajerumani walilichimba milima ya Uluguru enzi zao. Husagwa, kisha kila chembe huvalishwa utando mwembamba mno wa titani dioksaidi. Mwanga ukiupiga, sehemu hurudi kutoka juu ya utando, sehemu hupenya na kurudi kutoka chini yake. Zikikutana, rangi nyingine hukuzana, nyingine hufutana. Ongeza unene kidogo tu, fedha inageuka dhahabu. Hakuna rangi iliyotiwa hapo, jamani, ni unene! Nilianza kumweleza Shangazi, akanikabidhi kisu na beseni la viazi.

Kwenye daladala, kaka niliyeketi naye alishuka na bega la dhahabu. Shuka langu nalo, basi tena.

Ila kopo nimelisoma. Viambato hutangulizwa kilicho kingi zaidi, na cha kwanza ni maji. Halafu gliserini, halafu mgando uleule ambao Robert Chesebrough aliupatia hataza Marekani mwaka 1872. Maji nanunua kwa ndoo. Sikujua kuna wanaoyauza kwa bei ya manukato. Na lile tangazo lao la "kabla" na "baada": dada wa "kabla" ni mweusi, wa "baada" amepaushwa. Huyo wa "kabla" ana rangi yangu, na ya mama yangu. Nani kawaambia sisi ni ugonjwa unaosubiri dawa?

Leo asubuhi mikono yote miwili ni laini sawasawa. Wa kulia umekula pesa ya mchele wa wiki. Mwenye hela ya kuchezea anunue. Wengine, mgando upo kwa Mangi.